Sura ya Sita: Ubao Uliojaa Vibati

Inspekta hakuwa mwanamke wa maji. Kivuko cha saa tatu asubuhi kilikuwa bado kimefungwa kamba gatini, na tayari tumbo lake lilikuwa limeanza safari peke yake. Alisimama kwenye foleni, faili kwapani, akihesabu saa zilizobaki. Kesho saa mbili asubuhi faili hilo lilitakiwa liwe mezani kwa mwendesha mashtaka, na ndani yake mtu mmoja awe anashitakiwa kwa mauaji.

Mtu huyo alikuwa fundi wa majokofu. Jumapili aliwachukua mkewe, watoto wake wawili na mama mkwe wake, mshonaji ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani, wakaenda kutembea kisiwani. Kisiwa chenyewe hakina gari hata moja, kina miti na mchanga mweupe, na watu huenda asubuhi wakarudi jioni. Walikwenda watano. Usiku ule ule fundi alifika kituoni akihema, akaripoti kwamba mama mkwe wake hajafika nyumbani. Jumanne polisi wakakikuta kitambaa cha kijani cha yule mama chini ya kiti cha gari la fundi. Majirani nao wakasimulia jinsi fundi alivyomfokea wiki iliyopita: "Utatoka humo ndani hata kwa kubebwa." Basi aliyekuja kushitaki akabaki kuwa mshitakiwa. Leo ilikuwa Jumatano.

"Mwili utapatikana," Mkuu wa Kituo alikuwa amesema. "Wewe andika tu."

Lakini katika maelezo ya fundi kulikuwa na sentensi moja iliyomkaa Inspekta kama mwiba wa samaki kooni. *Wakati wa kurudi nilimwona mama mkwe ghorofani mwa kivuko kwa macho yangu, kajifunga kitambaa chake.* Abiria kumi na wanne walikuwa wamehojiwa, na hakuna hata mmoja aliyezungumza na Mama Cherehani wakati wa kurudi. Na huyu, kwa maneno ya binti yake mwenyewe, ni mama anayeweza kuisalimia nguzo ya umeme na kuiuliza habari za watoto.

Binti huyo, mke wa fundi, alisimama sasa nyuma ya Inspekta akiubana mkoba kifuani. Jana alipoombwa waende wote kisiwani akaonyeshe walikopita, alikubali kabla swali halijaisha.

"Mkono," ilisema sauti mlangoni mwa kivuko.

Inspekta alitoa mkono, akawekewa kiduara cha bati chenye tundu juu na namba katikati: 41. Aliyempa alikuwa mwanamke mwenye mabega ya mbeba magunia. Nyuma yake, ukutani, palikuwa na ubao mpana wenye misumari mia na ishirini iliyopindwa, na kwa ajili ya misumari hiyo kila mtu gatini alimwita Ndoano.

"Ukirudi unanipa, naning'iniza," Ndoano alieleza bila kuulizwa. "Kibati ni roho ya mtu. Chombo cha mwisho hakiondoki kisiwani msumari ukiwa mtupu, hata kama nahodha anawahi harusi yake mwenyewe. Kule wageni hawalali."

"Na Jumapili?"

"Afande, nimemwambia koplo wenu, nikamwambia tena, nikatia saini. Walikwenda mia na kumi na nane, wakarudi mia na kumi na nane. Miaka tisa ubao huu haujanidanganya. Wanaume wangapi unaweza kuwasemea hivyo?"

Abiria wa nyuma wakacheka. Binti hakucheka. Alipokea kibati chake, namba 42, akakitumbukiza ndani ya mkoba haraka, kama mtu anayeficha alichokiokota.

Ubao huo ndio uliomfunga fundi. Kwa kuwa ulijaa, polisi waliamini mama alirudi bara, na hakuna askari aliyekanyaga kisiwani. Walitafuta mitaroni na vichakani, wakachimbua hata nyuma ya karakana ya fundi.

Katikati ya safari nahodha alichungulia kutoka kibandani kwake. "Leo hakuna chombo cha saa kumi na mbili," alitangaza. "Mnaona upepo wenyewe. Cha mchana saa saba, cha mwisho saa kumi kamili. Baada ya hapo hatusafiri mpaka Ijumaa, bahari ikipenda."

Inspekta aliandika kwenye daftari: *Saa kumi.* Alipigia mstari mara mbili. Binti alikuwa ameketi, amesimama, ameketi tena upande wa pili.

"Unaumwa?"

"Hapana, afande. Sipendi kukaa tu."

Waliposhuka, kitu cha kwanza alichokiona Inspekta ni kile ambacho hakikuwepo. Hakukuwa na mngurumo. Mtu aliyekohoa mbali alisikika kana kwamba yuko begani. Mikokoteni ilisukumwa, baiskeli zikapita zikilia kengele, na mizigo yote ya kisiwa ilikwenda kwa jasho la mtu.

"Niongoze," alisema. "Kuanzia hapa mpaka mlipopanda kurudi."

Binti alimwongoza moja kwa moja kaskazini, njia ya kupanda. Hakupunguza mwendo wala kuangalia mandhari. Baada ya nusu saa wakafika gengeni, mahali wageni wanapopenda kusimama kutazama mawimbi yakijipasua chini. Kulikuwa na uzio wa chuma na lango.

"Hapa ndipo alipopapenda," Binti alisema. "Jumapili alikaa hapa peke yake. Alikuwa mnyonge, afande. Alisema amechoka. Labda..." Akaliacha neno lining'inie.

Inspekta aliegemea uzio akatazama chini. Mtu akianguka pale, hata nguo isingebaki. Kwa sekunde chache kila kitu kilipangika: huzuni, genge, maji. Alipotoa mikono yake, viganja vilikuwa na vumbi la rangi ya kijivu. Uzio ulikuwa mpya.

"Umepakwa rangi lini?" alimuuliza mlinzi aliyekuwa ameketi kibandani akimenya chungwa.

"Jumamosi, mama. Na Jumapili tukarudia mkono wa pili."

"Lango lilikuwa wazi Jumapili?"

"Lingekuwaje wazi na rangi mbichi? Nililifunga kwa mnyororo kutwa nzima. Wageni walinitukana mpaka nikajuta kuzaliwa."

Inspekta alimshukuru, akafunga daftari. Hakumwangalia Binti usoni. Alimtazama tu mikono, na mikono ile ilikuwa imekaza mkoba mpaka vidole vimepauka.

"Turudi gatini," alisema. "Kwa njia mliyopita kweli."

Saa ilikuwa sita na nusu. Walishuka, Inspekta akijua sasa mambo mawili. La kwanza, Binti amemdanganya. La pili, mtu hampeleki mwenzake kaskazini bila sababu, hasa kama kuna kitu kusini.

Gatini, chombo cha saa saba kilikuwa kinapakia. Inspekta alikaa juu ya boya kuukuu akatazama. Upepo ulikuwa umeongezeka, kivuko kinapanda na kushuka kama kifua cha mgonjwa. Ndoano alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye kamba, mkono mwingine akiwashika watu viwiko wasiteleze. Akaja baba mmoja na familia ya watu saba. Watoto hawakuwa na vibati. Wala mama yao. Baba alitoa mfukoni fungu zima, Ndoano akalipokea bila kuinua kichwa, akalitungika msumari kwa msumari, tap, tap, tap, huku tayari akimshika kiwiko bibi aliyefuata.

"Kwa nini watoto hawashiki wenyewe?" Inspekta alimuuliza mpiga picha aliyekuwa karibu naye.

"Wanavidondosha majini. Kibati kikipotea mnasubiri mpaka kisakwe kisiwa kizima. Kwa hiyo mkubwa wa familia ndiye hushika vya wote. Ndivyo tulivyozoea."

Inspekta alisimama. Alimwendea kijana mmoja aliyekuwa anapanda na mkewe, akamnong'oneza, akamtia kitu kiganjani. Kisha akarudi kwenye boya lake.

Kamba zilipokuwa zinafunguliwa alipaza sauti. "Dada Ndoano. Namba arobaini na moja yuko wapi?"

Ndoano aligeuka akatazama ubao. "Kapanda. Kaketi huko ndani."

"Una hakika?"

"Si hiki hapa kibati chake?"

"Mimi ndiye arobaini na moja," alisema Inspekta.

Ndoano alimtazama yeye, akautazama ubao, akamtazama yeye tena. Mwishowe alisema kwa sauti ndogo, sauti ambayo haikuwa na mabega yale, "Afande, mimi na mikono miwili tu. Vibati nahesabu. Watu nawashika wasianguke."

"Na Jumapili, vitano vya ile familia ulivipokea kwa nani?"

"Kwa baba yao. Alikuwa kabeba watoto wote wawili wamelala, vibati kavibana kwa meno. Nilivitoa mdomoni mwake mwenyewe." Akaugusa msumari mmoja. "Mungu wangu. Niliona vitano. Sikuona watu watano."

Chombo kikajitenga na gati, na uso wa Ndoano ukaenda nacho, bado umeelekea kisiwani.

Kwa hiyo fundi alikabidhi vibati vitano kwa nia safi, na Mama Cherehani angeweza kuwa popote. Bado ilibaki sentensi ile: *nilimwona ghorofani, kajifunga kitambaa.* Ama fundi ni mwongo, ama kuna mtu mwingine aliyekijaza kitambaa kile. Inspekta alimgeukia mpiga picha.

"Unapiga wanaoshuka tu?"

"Wanaoshuka na wanaopanda. Asubuhi wanapendeza, jioni wana furaha, basi wananunua." Alionyesha kibanda chake, ambamo picha zilibanwa kwenye kamba kama nguo zilizofuliwa. "Ambazo hazikuchukuliwa ziko kamba ya nyuma. Watu wanapenda kupigwa, mama. Kulipa ndiko kunawaletea malaria."

Za Jumapili zilikuwa thelathini na moja. Inspekta alizipitia moja moja, akazichomoa mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya asubuhi. Fundi ana mtoto mabegani. Mama Cherehani, kitambaa cha kijani kichwani, anacheka na mtu asiyeonekana. Yeye na binti yake wamebeba kikapu kimoja, huyu sikio hili, yule sikio lile, na wote wawili wamelalia upande kwa uzito. Binti yuko kichwa wazi, nywele zake zimesukwa.

Ya pili ilikuwa ya jioni, watu wakipanda, wote migongo. Fundi yupo na watoto wake wawili mabegani kama magunia. Nyuma yake hatua tano kuna mwanamke mwenye kitambaa cha kijani, uso kaugeuzia baharini. Kikapu hakipo. Inspekta aliisogeza picha kwenye mwanga. Alitazama chini, miguuni kwa yule mwanamke. Kandambili za ngozi, na mkanda wa mguu wa kushoto umefungwa kwa waya mwembamba wa shaba.

Alizilipia picha zote mbili akatoka nje.

Binti alikuwa ameketi ufukweni, kwenye mojawapo ya viti vya turubai ambavyo wageni hukodi kwa saa. Inspekta aliketi kiti cha pili.

"Kiatu chako kimefungwa vizuri," alisema.

Binti alivuta mguu. "Ni mume wangu. Anasema gundi ni maneno matupu, waya ndio ahadi."

"Alikufungia lini?"

"Wiki iliyopita. Alhamisi."

Inspekta aliweka picha ya jioni juu ya mapaja yake. Binti aliitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama picha. Upepo ukataka kuichukua, akaizuia kwa kiganja, na kiganja kikabaki pale pale.

"Fungua mkoba," Inspekta alisema. "Kwa hiari yako. Ukikataa nitaandika kwamba umekataa."

Ndani yake mlikuwa na kibati namba 42, leso, chupa ndogo ya dawa ya macho, karatasi ya sindano za cherehani na roli mbili za uzi mweupe.

"Yuko hai?"

Binti alitikisa kichwa kukubali. Machozi yalianza kumshuka, lakini sauti haikutetemeka. Pengine ilikuwa imechoka kukaa ndani. "Alikuwa na mpango wake tangu mwezi uliopita. Mume wangu alitaka kumhamishia kwetu kwa sababu ya macho yake. Ana mtoto wa jicho. Sisi ndugu wanne tulikaa kikao, tukagawana: wiki hii kwa huyu, wiki ile kwa yule. Mama akasema mmenigawana kama jenereta ya mtaa. Mume wangu akamtolea gurudumu cherehani ile kubwa, eti asije akajishona vidole. Hana ubaya, afande. Anapenda mtu kwa kumfungia. Mama akaniambia, nisaidie niende, na yeye umwambie kesho yake, mimi nikishatulia. Akataka nivae kitambaa chake, nikae ghorofani, ili mume wangu asianze kumtafuta na chombo kikamgojea. Tulipofika bara nikakificha garini, naye akadhani mama ametangulia kwake."

"Na hukumwambia."

"Nilitaka asubuhi ya Jumatatu. Hakunisubiri. Usiku ule ule alikimbilia polisi, na mimi nikaitwa kuandika maelezo naye kasimama pale pale. Nikaandika sijui. Jumanne walipomkamata nikamwambia koplo nataka kubadilisha. Akasema nikigusa hata nukta moja naingia ndani mimi. Nina watoto wawili." Alijifuta kwa kiganja. "Halafu nikawaza, hawana mwili, watamwachia tu."

"Hawamwachii. Kesho saa mbili anashitakiwa kwa mauaji. Yuko wapi mama?"

"Nimeapa sitasema alipo."

"Basi usiseme," Inspekta alijibu.

Aliinama, si kwa sababu ya kufikiri, bali kwa sababu kitu kilikuwa kinamkwaruza pajani. Ni mshono wa kiti. Turubai lilikuwa la kale, la rangi ya majivu, lakini uzi ulikuwa mweupe kama jino la maziwa. Mishono miwili sambamba. Iliteremka imenyooka mpaka katikati, halafu ikaanza kukimbilia kulia. Aliinuka akatazama kiti cha Binti. Mweupe vile vile, unakimbilia kulia vile vile. Cha tatu, cha nne, cha tano. Kuanzia cha kumi vilivyobaki vilikuwa bado vimechanika.

Mwenye viti alikuja akitabasamu, mwanamume wa makamo, kofia ya majani kichwani. "Mnakaa saa nzima au nusu, mama? Nusu ni kwa wenye haraka, nzima kwa wenye mapenzi."

"Viti vyako vimeshonwa vizuri. Nani fundi wako?"

"Nani tena? Mikono hii hii."

Inspekta alichukua sindano moja kwenye karatasi na roli ya uzi. "Nitungie."

Mwanamume alicheka. Alipoona hachekewi, alipokea. Alilamba uzi, akaulenga, ukapita pembeni. Akaulamba tena. Mara ya nne akasema, "Upepo huu, mama."

"Unavuma mpaka kwenye tundu la sindano?"

Alinyamaza. Binti naye alinyamaza. Na katika ukimya huo Inspekta akasikia. Mjini mlio ule ungemezwa na pikipiki ya kwanza kupita. Hapa, mahali ambapo hakuna injini, ulitembea juu ya mchanga bila kizuizi: tiki-tiki-tiki, kimya, tiki-tiki-tiki. Mtu anashona mstari, anageuza kitambaa, anashona mwingine. Ulitoka nyuma ya banda la viti, upande wa kusini.

Saa yake ilisema tisa na dakika tano.

Mama Cherehani aliketi mbele ya dirisha, mgongo mlangoni, cherehani ndogo ya mkono juu ya sanduku, kikapu cha ile picha ya asubuhi kando yake, kitupu. Turubai lilimjaa mapajani. Hakugeuka. "Umeniletea zile sindano namba kumi na nane? Hizi nyembamba zinanivunjikia."

"Nimeleta," Inspekta alisema. "Na habari pia."

Mkono ulisimama juu ya gurudumu. Mama aligeuka taratibu, akakunja macho kumwona aliyeko kwenye mwanga, akamwona na binti yake nyuma. "Nani huyu?"

"Polisi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kumbe siku hizi mtu akihama mnamfuata na polisi." Alirudi kwenye turubai lake. "Rudini. Mwaka wa kumi na tano huu sijalala mahali bila kuulizwa nimekunywa dawa. Hapa nina chumba, nina kazi. Huyu baba wa viti hanifanyii lolote zaidi ya kunichekesha, kabla hujauliza. Mwambieni mkwe wangu nampenda, ila sitoki."

"Mkwe wako yuko rumande."

Mama Cherehani hakuelewa mara moja. "Kagombana na nani?"

"Na sisi. Kwa kukuua."

Kule nje wimbi lilipiga, likarudi. Mama alimtazama binti yake. Binti alitazama sakafu.

"Tangu lini?"

"Tangu jana asubuhi," alisema Inspekta. "Kesho anapelekwa mahakamani. Ninayo mashine ya kupiga picha, ninaweza kukupiga na kurudi nayo. Mkuu wangu atasema ni ya zamani. Ninaweza kuandika maelezo yako. Atasema nani shahidi. Chombo cha mwisho ni saa kumi, na baada yake mpaka Ijumaa. Siwezi kukulazimisha. Kuhama si kosa."

Mama alishusha mguu wa cherehani ukagonga bati. Akakata uzi kwa meno. "Mtoto yule ndiye aliyenibeba mgongoni nilipovunjika nyonga," alisema, si kwao. Halafu akaanza kutafuta viatu vyake chini ya sanduku, kwa kupapasa, na Binti alipoinama kumsaidia, akamsukuma mkono. "Acha. Wewe tutaongea."

Walifika gatini zikiwa zimebaki dakika nne. Kivuko kilirudi bara kikipigwa ubavuni njia nzima, na Inspekta alitapika mara mbili, kwa heshima, akijificha nyuma ya maboya. Kati ya mara ya kwanza na ya pili alichukua maelezo mapya ya Binti, akamsomea, akampa atie saini.

"Ya Jumapili nayo yapo," alimwambia. "Yana kesi yake. Sitakudanganya kwamba hayana."

"Na mume wangu? Utamwambia nilijua?"

Inspekta aliitia karatasi kwenye faili. "Nitamwambia mama mkwe wake amepatikana kwa upelelezi. Hiyo ni kweli. Mengine ni ya nyumbani kwenu."

Jua lilikuwa bado halijazama walipoingia kituoni. Koplo alikuwa anakunywa chai. Mama Cherehani alisimama mbele ya kaunta, akakunja macho, akamtafuta kwa sauti. "Marehemu wenu huyu hapa. Nani anataka kunihesabu mbavu?" Koplo aliweka kikombe pembeni ya sahani. Mkuu wa Kituo alitoka ofisini, akamtazama yule mama, akarudi ofisini, na mlango wake ukafungwa kimya kimya.

Inspekta alichukua ufunguo mwenyewe.

Fundi alikuwa amesimama katikati ya mahabusu, shati limetoka nje, macho mekundu. Alimwona mama mkwe wake, akashika nondo kwa mikono miwili.

"Mama," alisema. Na halafu, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo ambao hakujua utatuliwa. "Uko mzima. Uko mzima kabisa. Nilikuwa nawaza umelala wapi, na macho yale, na dawa hujaweka. Ulikuwa wapi?"

"Kisiwani. Nashona viti."

"Ulibakije huko, wakati nilikuona ghorofani?" Inspekta alikuwa ameshafungua kufuli, mlango ukasogea. Fundi hakutoka. Kicheko kilikuwa kimeanza kumpungua, kidogo kidogo, jinsi hesabu inavyojipanga kichwani mwa mtu anayejua kutafuta hitilafu. "Kuna mtu alijua?"

Inspekta alifungua kinywa kusema ile sentensi aliyoiandaa baharini.

"Mimi," Binti alisema. "Tangu Jumapili."

Fundi alimtazama mkewe. Hakupandisha sauti. "Waliponifunga pingu mbele ya watoto, ulikuwa umesimama mlangoni."

"Nilikuwa nimesimama."

"Ukaniletea shati."

"Nikakuletea."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, mara kadhaa, kama anayemsikiliza mteja akieleza ubovu wa jokofu. Mlango ulikuwa wazi mbele yake. Alirudi nyuma hatua tatu, akaketi kwenye benchi la saruji, viwiko magotini.

"Afande," alisema. "Naomba unifungie mlango kidogo."

Mama Cherehani alifunika mdomo. Binti hakusogea. Inspekta alisimama na ufunguo mkononi, akitafuta kifungu cha sheria kinachohusu jambo hilo, asikipate. Mwishowe akausukuma mlango taratibu mpaka ukagusa fremu, akaondoka bila kuufunga.